Kanga wa Tundu na Kanga wa Pori

Paukwa!

Pakawa!

Kanga?

Wa madoadoa.

Tundu?

La fito.

Na mbegu?

Ni ile ile moja.

Vizuri. Naona leo mmekula mkashiba, sauti zenu zinatoka tumboni. Sogeeni basi. Wewe uliyekalia ncha ya mkeka wangu jivute kidogo, maana hadithi hii ina mwendo mrefu na magoti yangu si ya jana.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji. Jina lake limeliwa na mchwa pamoja na nguzo za nyumba zake. Kijiji hicho kilikuwa na kisima, kichuguu kimoja kikubwa, na desturi moja ambayo wageni waliicheka na wenyeji hawakuthubutu kuivunja.

Desturi yenyewe ni hii. Hakuna mtu aliyetia mbegu ardhini mpaka kanga waachane.

Mnatazamana. Mngekuwapo msingetazamana. Wakati wa kiangazi kanga hutembea kundi moja. Asubuhi hushuka bwawani kunywa maji, mmoja nyuma ya mwenzake, mmoja nyuma ya mwenzake, kama wanawake wanaotoka kisimani na njia ni nyembamba. Thelathini, arobaini, kundi moja. Lakini masika ya kweli yakikaribia, ardhi ikaanza kulainika chini kwa chini, kundi huvunjika. Dume huyu na jike lake, huku. Dume yule na jike lake, kule. Wawili wawili, pori zima. Kanga hatagi mahali ambapo vifaranga wake watakosa wadudu na mbegu za majani. Yeye anajua. Sisi tunabahatisha.

Kwa hiyo palikuwa na mtu mmoja wa kwenda kuwaangalia. Akiona kundi limevunjika, alirudi kijijini asiseme na mtu njiani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu kitupu, akakitwanga mara tatu. Tu! Tu! Tu! Kisha akasema, "Kundi limevunjika." Hapo ndipo vibuyu vya mbegu viliposhushwa. Kinu kitupu hakikutwangwa siku nyingine yoyote, na mtoto aliyekitwanga kwa mchezo alivutwa sikio likabaki refu. Mnaocheka, shikeni masikio yenu muone ni ya ukoo gani.

Mwangalizi huyo alikuwa Bibi Mashavu.

Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, akaifanya miaka arobaini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwambia jambo lolote, jibu lake lilikuwa moja: "Ngoja nikaone." Ukimwambia fulani ameoa tena, "Ngoja nikaone." Ukimwambia maharage yanaungua jikoni, "Ngoja nikaone," na kabla hajainuka yameshaungua. Watu walimpenda hivyo hivyo, na maharage yake ya kuungua.

Ukaja mwaka mbaya. Mvua ilikatika mtama ukiwa ndio kwanza unachanua. Watu wakavuna mapepe. Kila nyumba ikabaki na kibuyu kimoja tu cha mbegu, kimetundikwa juu ya meko kipate moshi, wadudu wasikiguse. Watu walikula mlenda na mizizi ya porini. Watoto wakililia chakula, mama zao walikitazama kile kibuyu, kisha wakatazama pembeni. Kile hakiliwi. Kikiliwa, au kikizikwa kwenye ardhi isiyo na maji, hakuna kingine. Lishikeni hilo, maana hadithi yote imetundikwa hapo pamoja na kibuyu.

Na mwaka huo huo Bibi Mashavu akaanguka. Alikuwa anarudi kutoka bwawani, akateleza kwenye jiwe, goti likavimba likawa kama boga. Lilipopona halikupona vizuri. Tangu siku hiyo alitembelea fimbo, mwendo wake ukawa guu, gongo. Guu, gongo. Semeni nami. Guu, gongo. Na bwawa la kanga lilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili.

Jambo hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe. Alikaa mlangoni kwake akijiuliza, "Mwangalizi asiyeweza kufika bwawani, ni mwangalizi wa nini?" Hakumwambia mtu, lakini uso haufichi.

Siku moja akaja Jumbe Mbwego, mkuu wa kijiji. Jumbe alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka. Kila asubuhi alikunywa uji ungali wa moto, na kila asubuhi uji ulimuunguza ulimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Jumbe. Ulimi haujambo?"

"Unaendelea. Bibi, umeyavuka mabonde yale kwa ajili yetu miaka arobaini. Inatosha. Kama miguu yako haiwezi kwenda kwa kanga, kanga watakuja kwenye miguu yako."

"Ngoja nikaone," akasema Bibi Mashavu.

Jumbe akacheka. "Safari hii hapana, Bibi. Safari hii wewe kaa tu."

Bibi Mashavu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Semkiwa, fundi wa mitego. Hakuna aliyemlazimisha. Alikata fito siku nne, akazisuka kwa kamba za magome, akajenga tundu ambalo mtu mzima angeingia bila kuinama. Ndani akasimamisha tawi kavu ili kanga wapate pa kulala, akaliweka tundu lote mkabala na mlango wa mama yake, aone bila kuinuka. Kisha akachukua nyavu zake akaenda porini, akarudi na kanga wanane wanapiga kelele. Ke-ke-ke-ke-ke!

Bibi Mashavu alilitazama tundu, akaitazama mikono ya mwanawe iliyochubuka, machozi yakamtoka. Alifurahi, siwafichi. Nani asiyefurahi kupumzishwa na mtoto wake?

Siku mbili za kwanza kanga hawakula. Walikimbia kando ya fito, huku na huku, shaa, shaa, shaa, wakitafuta mlango wasiuone. Jike mmoja alijigonga mpaka kile kipembe cha kichwani kikavunjika ncha. Bibi akampa jina, akamwita Kigutu. Siku ya tatu Kigutu akadonoa punje moja. Wengine wakamtazama, nao wakadonoa. Shida ikaisha.

Ikaisha kweli, maana kijiji kizima kiliweka zamu ya kuwalisha. Leo nyumba hii ilete pumba, kesho ile ilete mchwa, keshokutwa ile nyingine ikung'ute konzi ya mwisho ya mtama mbovu. "Shahidi wetu asilale njaa," alisema Jumbe. Mwamvua, mke wa Semkiwa, kila asubuhi alimwaga mle ndani maji aliyooshea vyombo, kanga wapate kunywa na kuoga. Alikuwa mwanamke wa mzaha, ananyonyesha, na tumbo lake mwenyewe lilikuwa halijaona ugali siku nyingi.

"Mama," alimwambia mavyaa wake, "nikizaliwa mara ya pili nataka kuzaliwa kanga."

"Ngoja nikaone," akajibu Bibi Mashavu.

Naye aliona. Aliona mambo ambayo miaka arobaini hakuyaona, kwa sababu porini kanga humkimbia mtu akiwa bado mbali. Pale tunduni walikuwa karibu kama sahani. Aliona wanavyooga vumbi, wanavyoinamisha shingo mwewe akipita, wanavyogombea tawi jioni kama watoto wanavyogombea mkeka.

Na aliona jambo moja kubwa. Mnajua kanga ana sauti mbili. Ipo ile ya ke-ke-ke-ke, kila kanga anayo. Na ipo ile ya maneno mawili: cha-kwele, cha-kwele. Wanaume wa kijiji tangu enzi walisema hiyo ya maneno mawili ni ya dume, anaita watu wake barazani. Bibi Mashavu alikaa akitazama midomo. Siku moja, siku mbili, siku kumi. Kila anayesema cha-kwele, alikuwa jike. Madume hawakuiweza kabisa.

Alipomwambia Mwamvua, Mwamvua alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. "Kwa hiyo miaka yote hii wanaume wamekuwa wakijisifu kwa sauti ya mke?"

"Usiwaambie kwanza," akasema Bibi. "Tuna njaa ya kutosha."

Semeni nami, wanawake peke yao. Cha-kwele, cha-kwele. Wanaume? Ke-ke-ke. Haya, mmejitambua.

Basi siku zikaenda. Alasiri moja wingu likapita, mvua ikanyesha. Si nyingi, lakini ilinyesha, na kesho yake tena. Vumbi likalala, harufu ya udongo ikapanda, watu wakatoka nje wakainua nyuso. Na asubuhi ya siku ya tatu, mle tunduni, kundi likavunjika.

Dume mmoja alijitenga pembeni na Kigutu. Alikunja mabawa, akampelekea mchwa mdomoni. Mwingine alipokaribia, alimfukuza. Upande wa pili, dume mwingine na jike mwingine, vivyo hivyo. Wawili wawili, kila mmoja na kona yake.

Habari ikaenda haraka kuliko mvua. Jumbe Mbwego akaja ulimi unamuwasha. Nyuma yake kijiji kizima, na kila mama kakumbatia kibuyu chake kama mtoto.

"Bibi, umeona?"

"Nimeona," akasema Bibi Mashavu. Na ni kweli alikuwa ameona. Moyo wake ulikuwa mweupe. Aliwaza, sitavuka mabonde tena, na bado nina faida. Akainuka. Guu, gongo. Guu, gongo. Akafika kwenye kinu kitupu, akashika mchi, akauinua.

Sasa sikilizeni. Mchi uko juu. Watu wamenyamaza. Na katika ukimya ule, Kigutu akataga yai.

Alilitaga pale pale penye pumba, kwenye ardhi tupu, mchana kweupe. Likaviringika. Kigutu hakuligeukia. Akalivuka kama mtu anavyovuka jiwe, akaenda kula. Kanga mwingine akalikanyaga.

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Na miaka arobaini Bibi Mashavu hajawahi kuona kanga anaacha yai hivyo. Porini kanga huficha mayai yake chini ya nyasi, hata unaweza kumkanyaga mkia ndipo ujue yupo. Huyu ametaga, lakini hana nia ya kuatamia. Kutaga ametaga, kuzaa hana habari.

Bibi Mashavu akautazama mchi. Akaitazama ile ardhi ya tunduni, nyeusi, yenye unyevu wa maji ya vyombo ya kila asubuhi. Akawatazama mchwa waliojaa kwenye kigae cha kuwalishia. Akaushusha mchi polepole, akaulaza chini.

"Nipeni siku moja," akasema. "Ngoja nikaone."

Watu wakaguna. Jumbe akasogea, akasema kwa sauti ndogo, kwa heshima, lakini alisema. "Bibi, mvua imeanza. Watu wana njaa. Kanga wameachana mbele ya macho yetu sote. Ukikataa leo, watasema Bibi amezeeka, sasa anaogopa hata kivuli chake."

"Na nikikubali, Jumbe, na ikawa si kweli, watasema nini? Watakuwa na nguvu ya kusema?"

Watu wakatawanyika na vibuyu vyao.

Aliyeumia zaidi alikuwa Semkiwa. Alikwenda kwenye tundu akawa anakaza kamba ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Mama yake akamfuata. Guu, gongo.

"Mwanangu, tundu lako ni zuri. Kosa si la fito."

"Nilitaka usitembee tena, mama."

"Najua. Sasa nataka unipeleke."

Wakatoka alfajiri. Bonde la kwanza Bibi Mashavu alilivuka mwenyewe. Guu, gongo. Guu, gongo. Kwenye la pili gongo likabaki likielea mkononi na guu likakataa. Semkiwa akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Panda."

"Mimi? Nionekane nimebebwa kama mtoto?"

"Ulinibeba miaka miwili. Mimi naomba asubuhi moja."

Bibi akapanda. Na jua likawakuta bwawani.

Walikaa kimya nyuma ya nyasi. Kidogo wakasikia, ke-ke-ke-ke. Kisha wakaona. Kanga wa kwanza akateremka. Nyuma yake wa pili. Nyuma yake wa tatu. Mmoja nyuma ya mwenzake, mmoja nyuma ya mwenzake. Bibi akahesabu mpaka thelathini na nane. Wakanywa pamoja, wakainua vichwa pamoja, wakaondoka pamoja. Cha-kwele zote zilitoka kichaka kimoja.

Bibi Mashavu akachomeka kidole ardhini. Juu, unyevu. Kidole kikaingia mpaka kiungo cha pili, kikagonga vumbi kavu. Akakitoa, akamwonyesha mwanawe.

Semkiwa alikitazama kile kidole. "Wale wa kwangu wameniongopea," akasema.

"Hawakuongopa. Tuliwapa maji kila asubuhi, tukawapa mchwa, tukawapa mtama. Mle tunduni ni masika kila siku. Sisi ndio tuliowanyeshea mvua, kisha tukaenda kuwauliza kama mvua imekuja."

Waliporudi, Bibi alisema maneno hayo hayo mbele ya watu. Vibuyu vikarudi juu ya meko, vingine kwa manung'uniko. Lakini Jumbe Mbwego alitazama chini. Asubuhi ile ile, Bibi akiwa njiani, yeye alikuwa ameshapanda nusu ya mbegu yake. Nusu ya pili haikupona kwa hekima yake. Mkewe aliificha chini ya chungu na kukaa juu yake.

Bibi hakumkemea. Alisema, "Mshukuru mkeo," akaenda zake kulala.

Msifikiri mambo yalikuwa mepesi. Siku ya sita mtama wa Jumbe ukachipua. Kijani, laini, mistari mizuri. Watu walikwenda kuutazama, kisha wakipita mbele ya mlango wa Bibi wakatembea polepole kidogo, ili aone wanavyomwangalia. Hata Semkiwa akaja.

"Mama, una hakika?"

"Sina hakika. Nina kanga tu."

Alisema hivyo, lakini usiku hakulala. Maana watoto waliolia njaa aliwasikia, na miongoni mwao alikuwamo mjukuu wake.

Hakuweza kwenda bwawani kila siku. Hata mgongo wa Semkiwa una mwisho. Akafanya hivi. Kila alfajiri alijikokota mpaka juu ya kile kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, guu, gongo, akakaa, akafumba macho, akasikiliza. Zamani asingeambulia kitu, ingekuwa kelele tu za pori. Lakini sasa masikio yake yalijua jike ni yupi. Cha-kwele. Upande wa bwawani. Cha-kwele. Bwawani tena. Zote bwawani. Akashuka akasema, "Bado." Kesho yake, bado. Keshokutwa, bado.

Mvua haikurudi. Jua likasimama juu ya kijiji mchana baada ya mchana. Siku ya kumi na tano mtama wa Jumbe ukawa wa manjano. Siku ya ishirini upepo ukaubeba. Jumbe alisimama katikati ya shamba lake, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaona kibuyu chake pale chini.

Ikafika asubuhi moja. Bibi Mashavu akapanda kichuguu, akafumba macho. Cha-kwele, ikatoka bwawani. Akangoja. Cha-kwele, ikatoka mashariki, kwenye mawe. Akainua kichwa. Cha-kwele, kutoka korongoni. Cha-kwele, nyuma ya shamba la Jumbe. Cha-kwele, mbali kabisa, ng'ambo ya bonde. Kila jike na upande wake, na kila mmoja, bila shaka, na mumewe.

Alishuka hakusema na mtu. Mwamvua alimwona, akaweka chini kata ya maji, hakuuliza. Guu, gongo. Guu, gongo. Bibi akafika kwenye kinu kitupu.

Tu!

Tu!

Tu!

"Kundi limevunjika."

Mkiambiwa watu walilia, aminini. Vibuyu vikashuka. Na kabla nyumba yoyote haijapanda shimo lake la kwanza, kila mama alipita kwa Jumbe akaacha konzi moja ya mbegu kwenye ungo wa mkewe. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Jioni ile Jumbe alikuwa na mbegu nyingi kidogo kuliko alizokuwa nazo mwanzo, na hakujua aweke wapi uso wake.

Siku ya nne mvua ikaja. Si ya kulaza vumbi. Ilikuja mvua ya kuzamisha kidole chote.

Semkiwa akaja na panga kuvunja tundu. Mama yake akamzuia. "Fungua mlango tu. Tundu lisivunjwe. Lilinidanganya siku moja, lakini lilinipa masikio. Bila hilo ningekuwa bado nimekaa mgongoni kwako."

Semkiwa akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya lile yai. Akafungua mlango.

Kanga hawakutoka. Walisimama wakiutazama ule mlango walioutafuta siku mbili nzima. Kisha Kigutu akatoa mguu mmoja. Akatoka. Wenzake mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka kwenye nyasi, wakapotea.

Mtama ukakua, ukapita magoti, ukapita viuno. Siku moja Semkiwa alikuwa anapalilia. Jembe likasimama hewani. Hapo chini, hatua moja kutoka miguuni pake, palikuwa na jicho linamtazama. Kanga, amelala juu ya mayai, chini ya nyasi, hatikisiki. Na kipembe chake kimevunjika ncha.

Semkiwa alirudi nyuma polepole. Aliacha nyasi zile bila kuzipalilia, eneo la ukubwa wa mkeka, shamba lote likiwa safi. Wapita njia walimcheka kwa uvivu, naye hakujitetea. Wiki chache baadaye Kigutu alipita mbele ya mlango wa Bibi Mashavu, na nyuma yake vifaranga kumi na wanne, mmoja nyuma ya mwenzake. Bibi aliwahesabu mara mbili. Furaha ikamjaa, akaita jikoni, "Mwamvua, njoo uone!" Mwamvua akajibu kwamba maharage yanaungua, na Bibi akasema yaache yaungue.

Wakavuna. Wakala. Na Jumbe Mbwego, je?

Baada ya mavuno alifanya karamu. Mgeni mmoja akala, akala tena, akajifuta mdomo, akasimama mbele ya watu. Akasema, "Tangu nizaliwe sijaona Jumbe mwenye hekima kama wewe. Kila mtu anakupenda. Hakuna anayenung'unika." Watu wakapiga makofi. Jumbe akamtazama kidogo, kisha akatazama upande wa lile tundu tupu.

"Umekula wapi leo, ndugu yangu?"

"Hapa kwako, Jumbe."

"Basi nenda nyumbani. Rudi ukiwa na njaa, ndipo uniambie."

Neno hilo likabaki. Bibi Mashavu alipozeeka kabisa, Mwamvua alirithi kichuguu na kinu, naye akawa hodari sana, na maharage yake yakaungua vile vile. Bibi alifariki, Jumbe akafariki, kijiji chenyewe kikahama. Lakini wazee wa ukoo ule wakikaa kusikiliza kesi, akaletwa shahidi, hawamuulizi kwanza aliona nini. Wanamuuliza, "Wewe ni kanga wa tundu au kanga wa pori?" Naye lazima aseme ni nani aliyemlisha.

Nanyi muulize vivyo hivyo. Shahidi unayemlisha wewe, atakuambia ulichomlisha. Ukitaka habari ya mvua, umwendee asiyenywa maji yako, hata kama ni kwa guu na gongo.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa tundu. Mlango nimeuacha wazi. Anayetaka kutoka, atoke.